Deni halingoji barabara ifunguke

Mwezi wa tisa 2023, mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alifika kwetu Bweremana saa za jioni. Aliketi, akapewa maji, akauliza habari za wazee, kisha akatoa karatasi mfukoni. Alitaka nitie sahihi.

Alikuwa na Hiace ya zamani, familia yake ilimchangia akainunua baada ya miaka miwili ya kuzunguka Goma na diploma mkononi bila kupata kazi. Gari ile ilifanya Minova–Goma: asubuhi inapakia, inapita Bweremana, Shasha, Sake, inaingia mjini, jioni inarudi. Ilikuwa inamlisha yeye, mke wake na wadogo wake wawili. Sasa alitaka kuitengeneza upya. Orodha aliiandika vizuri, kama mtu aliyesoma: resori za kuongeza nyuma ili gari inyanyuke, mapine manne mapya, jante za kung'aa, bafle mbili kubwa na mashine yake ya kuzipa nguvu, taa za rangi, na kupakwa rangi upya. Jumla dola 1,500.

Feza alikuwa hana. Nyumba moja ya mikopo mjini ilikubali kumpa, asilimia 4 kwa mwezi, miezi 12, lakini alete mdhamini mwenye kitu. Mimi kitu changu ni nusu hekta ya shamba kando ya ziwa, baba aliniachia nilipomaliza lisansi ya agronomia. Ile karatasi ilikuwa inataja shamba lile.

«Agronome, mwaka moja tu», aliniambia. «Gari ikisha kuwa muzuri, bakliya bataikimbilia. Njo itajilipa yenyewe.»

Mama alikuwa jikoni, akasikia yote. Alijibu bila kutoka: «Deni ile italipwa na bafle, ao itapata mutu wa kulipa?»

Sikutia sahihi usiku ule. Nilimwomba wiki moja. Na kwa sababu sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kutafuta kwenye vitabu kitu ambacho mama amekwisha kukijibu, nilianza kusoma. Nataka niwaeleze nilichokipata, maana najua wengi wenu mko na karatasi kama ile mfukoni: ya moto, ya gari, ya simu, hata ya harusi.

Nilianza Marekani, huko ndiko gari lilikokuwa kitu cha kila mtu. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha GMAC, nyumba yake ya mikopo: chukua gari leo, lipa pole pole. Henry Ford hakupenda mambo hayo. Yeye aliamini mtu anunue kwa feza yake. Mwaka 1923 akaleta mpango wake mwingine: mteja anapeleka dola 5 kila juma benki, zinakaa kwa jina lake na faida kidogo, na siku zikitosha bei ya gari, anapewa gari. Kwa maneno yetu, Ford alifungua sanduku la akiba, General Motors ilifungua daftari la deni.

Nani alishinda? Deni lilishinda. Watu hawakutaka kungoja mwaka mzima wakitembea kwa miguu huku jirani anapita na gari lake. Tena GM walielewa kitu kingine: uzuri. Gari la Ford, Model T, kwa miaka mingi lilitoka rangi nyeusi tu. Kuanzia miaka ya 1920 GM wakaleta rangi, na mwaka 1927 wakafungua idara nzima ya kuchora umbo la magari chini ya Harley Earl. Mwaka huohuo Model T ilikwisha kutengenezwa, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 15. Mwaka 1928 Ford mwenyewe alikubali, akaanzisha nyumba yake ya mikopo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kusoma kwangu, mwenzangu alikuwa ameshinda. Deni na uzuri vilitembea pamoja na vikajenga kampuni kubwa. Nilikuwa karibu kumpigia simu. Lakini nikajiuliza: yule Mmarekani aliyekopa mwaka 1925 alikuwa analipa na nini? Na mshahara wa kila juma kutoka kiwandani. Gari lilimpeleka kazini. Si lile lililolipa deni. Na mwisho wa 1929 uchumi ulipoanguka, viwanda vikafunga na mishahara ikakatika, wengi walipokonywa vitu walivyochukua kwa deni. Historia ya ushindi wa GM tunaisoma kutoka upande wa muuzaji. Upande wa aliyekopa ni kitabu kingine.

Siku ya pili nilikuja karibu zaidi: Nairobi. Hapo iko historia ambayo kijana yeyote wa Kiswahili anapaswa kuijua, historia ya matatu. Jina lenyewe linatoka kwenye nauli ya zamani, senti kumi kumi tatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo madogo yabebe watu bila leseni maalumu ya usafirishaji, na yakazaana. Baadaye vijana wa Nairobi waliyageuza kuwa maonyesho: michoro ya wachezaji mpira na wanamuziki, taa za rangi, televisheni ndani, muziki unaosikika kabla gari halijaonekana. Miaka ya 1990 walikuwa wanaita manyanga, leo wanaita nganya. Mwenye gari ananunua chesisi, anaipeleka kwa mafundi wanaojenga bodi, wanachora, wanafunga muziki. Kazi hiyo inakula mamilioni ya shilingi, na wengi wanazitoa kwa mkopo wa benki au wa sacco, vile vyama vya akiba na mikopo ambavyo tangu 2010 serikali iliagiza kila mwenye matatu ajiunge navyo au na kampuni.

Hapa tena mwenzangu alikuwa na haki. Nairobi, mapambo ni kazi. Mwanafunzi wa Rongai anaweza kuacha gari tatu zipite, akangoja ile yenye muziki. Gari lisilopambwa linabaki kwenye kituo. Kwa hiyo mwenye nganya anapokopa ili achore gari, hakopi kwa ajili ya urembo. Anakopa ili apate abiria.

Lakini endelea kusoma. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kutumika sheria za waziri John Michuki: mkanda wa usalama kwa kila kiti, kifaa cha kuzuia mwendo kupita kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano kuzunguka gari, abiria 14 na si zaidi kwa gari dogo. Magari mengi yalilala nyumbani mpaka yatimize masharti, na ile michoro iliyogharimu feza ikawa ni kosa la kusimamishwa na polisi. Ilipita miaka kumi, mpaka 2014, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore magari yao. Kisha Machi 2020 Covid ikafika. Gari la abiria 14 likaambiwa libebe 8, na usiku watu wasitembee. Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mikopo ipangwe upya, kweli. Lakini kupangwa upya si kufutwa. Tarehe ya kulipa ilisogezwa mbele, deni lenyewe halikuondoka.

Niliandika pembeni ya daftari langu: waziri anaweza kusimamisha gari kwa siku moja, deni hakuna wa kulisimamisha.

Siku ya tatu nilimwendea baba. Nilimwambia: «Papa, basi njia ni kuweka akiba.» Alicheka sana. Akaniuliza kama najua kwa nini wazee wa Masisi walikuwa wananunua ng'ombe badala ya kuweka feza.

Akanieleza ya Zaire. Desemba 1979, wakati wa Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si feza tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na kikomo. Kwa mtu wa kijijini aliyeficha noti zake chini ya kitanda, na benki iko mbali, akiba ya miaka ikawa karatasi ya kuwashia moto. Tena mwaka 1991 huko Kinshasa watu walimpelekea Bindo feza zao wakiahidiwa zitazaa mara nyingi kwa muda mfupi. Walioingia mwisho walipoteza. Kisha bei zikapanda mpaka ikatoka noti ya milioni 5. Januari 1993 wafanyabiashara waliikataa, wanajeshi waliolipwa nayo wakapora Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyejinyima akaweka zaire milioni 3, alibaki na noti moja. Na mwaka 1998, franga ya Kongo ilipokuja, zaire mpya laki moja zikawa franga 1.

«Sasa wee unasema akiba», baba aliniambia. «Akiba gani? Yetu iliungua mara tatu.»

Na ng'ombe? Vita vilivyoanza 1993 Walikale na Masisi, na vilivyofuata, vilikula ng'ombe pia. Baba hakulisema hilo. Alinyamaza tu, akatazama upande wa milima.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kichwa kizito. Kukopa kunaua, kuweka kunaua. Basi tufanye nini?

Njia ilinijia barabarani, kwa chukudu. Ninyi wote mnaijua: ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba magunia ya makala, viazi, mbao, mpaka Goma wakaijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu. Angalia jinsi kijana anavyoitengeneza. Anaanza na mbao na magurudumu ya mbao matupu. Akipata kidogo, anazungushia mpira wa pine la zamani ili isiteleze. Akipata tena, anatia bearingi nzuri. Kipande cha mpira nyuma kinakuwa breki. Kila kitu anachoongeza kinabeba gunia zaidi au kinapunguza ajali, na gunia hilo ndilo linalolipa kitu kinachofuata. Hakuna aliyekwenda kuweka shamba rehani ili achonge chukudu.

Kisha nikakumbuka sanduku la kina mama wa kwetu, ile AVEC ambayo tunapita kando yake kila juma bila kuiheshimu kwa sababu haina kompyuta. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa huko, halafu ikaenea Afrika nzima. Mnaijua namna inavyotembea: watu kama ishirini au ishirini na tano, kila mkutano mnanunua hisa, feza inahesabiwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu ziko kwa watu watatu mbalimbali. Kwetu mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya alichoweka, faida ni asilimia 5 kwa mwezi, muda ni miezi mitatu. Mwisho wa mzunguko mnagawana, na ile faida uliyolipa inarudi kwenu wenyewe.

Asilimia 5 ni kubwa kuliko 4, mwenzangu angesema. Kweli. Lakini tupige hesabu, sisi tuna lisansi.

Mkopo wake wa mjini: dola 1,500, asilimia 4 ya zile 1,500 kila mwezi ni dola 60, mara miezi 12 ni 720. Jumla 2,220, yaani 185 kila mwezi. Ukiweza kutoa 185 kila mwezi kulipa deni, basi unaweza pia kuziweka. Kwa miezi 9 tu unapita 1,500 bila kumdai wala kudaiwa na mtu. Zile 720 ni bei ya kutongoja. Si mbaya kuilipa, kama kutongoja kunakuletea zaidi ya 720.

Nikachukua orodha yake, nikaigawa. Resori na mapine: dola 600. Jante, bafle, taa na rangi: dola 900. Juma lilipokwisha nikamwuliza: «Abiria wa Bweremana anachagua gari kwa sababu gani?» Alifikiri. Akasema ukweli: anapanda ile inayotoka kwanza, na ile asiyoogopa kwamba itakwama. Hii si Rongai. Mama mwenye vitunguu vyake hatangoja muziki. Resori zingemwezesha kubeba vitunguu vya mama huyo bila gari kukaa chini kwenye mashimo. Mapine yangempunguzia siku za kulala njiani. Bafle ileile ambayo Nairobi ni chombo cha kazi, kwetu ni pambo.

Nilimwambia: kwa pambo, weka akiba. Kwa chombo cha kazi, kopa kidogo, kwa watu wanaokujua. Karatasi ya shamba sitatia sahihi.

Alikasirika. Aliniambia kwamba mimi niko na shamba njo maana ninaongea vile. Alikuwa na haki kidogo hapo, sikumjibu. Tulikaa majuma matatu bila kusalimiana vizuri. Lakini mwezi wa kumi alikwenda kwenye sanduku, alikokuwa na hisa za dola 100, akakopa 300. Alilipa 115 kila mwezi kwa miezi mitatu, jumla 345. Resori zikafungwa. Mapine akayanunua na feza aliyookota pole pole, mawili Desemba, mawili Januari.

Kisha ikaja Februari 2024. Mnajua yaliyotokea. Vita vilifika Sake, barabara ya kwetu ikakatwa, vitu na watu vikaanza kupita ziwani. Hiace ikasimama chini ya mti na mapine yake mapya. Kama angekuwa amechukua ule mkopo mwisho wa mwezi wa tisa, angekuwa amelipa mara nne, zimebaki nane. Nane mara 185 ni 1,480. Barabara imefungwa, gari limepambwa, na bado anadaiwa karibu kila dola aliyokopa. Na shamba letu lingekuwa ndani ya karatasi ile, katika mwezi ambao watu wa Bweremana walikuwa wanatafuta tu pa kulala.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mwenye hekima. Lakini haitakuwa haki, maana na mimi nilipigwa.

Mimi niliyemhubiria akiba nilikuwa naweka feza za motopompe. Nilitaka kumwagilia vitunguu na nyanya wakati wa kiangazi, miezi ya sita mpaka ya nane, wakati bei iko juu sokoni. Kwa miaka miwili niliweka, mwisho nilikuwa na dola 1,100 benki, Goma. Nilingoja zitimie nipate mashine nzuri kabisa. Januari 2025 Goma ilichukuliwa, na benki za mjini zikafunga milango. Feza yangu iko, namba yake naiona kwenye simu, lakini siigusi. Ningekopa kidogo mwaka 2022, ningenunua mashine ndogo, ningevuna kiangazi mbili kabla ya vita kutufikia. Shamba lilikuwa pale, maji yalikuwa pale, mimi nilikuwa nangoja. Mashine ile kwangu ilikuwa chombo cha kazi, nami niliishika kama pambo. Kosa la mwenzangu na kosa langu ni moja, limegeuzwa tu.

Na sanduku la kina mama? Walipoanza kusikia mabomu upande wa Sake, waliitana, wakafungua kufuli tatu kabla ya siku, wakagawana. Waliokuwa na deni waliandikwa kwenye daftari: atalipa tukionana tena. Kuna ambao hatujaonana nao mpaka leo. Kuna waliolipa kwa maharagwe. Sisemi sanduku haliwezi kuibiwa wala kupotea. Nasema watu waliokuwa wanadai ndio walewale waliokuwa wanakimbia pamoja na mdaiwa kwenye barabara ileile, kwa hiyo walijua namna ya kungoja.

Hilo ndilo ninalolitoa katika historia yote hii, toka kwa Ford mpaka kwa kina mama wa kwetu. Tunabishana «kukopa ao kuweka» kana kwamba moja ni tabia njema na nyingine ni mbaya. Ford aliweka, akashindwa. Wazee wetu waliweka, zikaungua. Wenye matatu walikopa, wengine wakajenga nyumba, wengine gari likauzwa. Kabla ya kuchagua, uliza kwanza kama kitu hicho kitaleta feza hapa ulipo, si kule ulikokiona kwenye video. Kisha, ukikopa, uliza anayekudai atafanya nini siku barabara ikifungwa. Na ukiweka, uliza ufunguo uko mkononi mwa nani.

Mwenzangu bado yuko na Hiace yake. Juzi nilipanda mbele, karibu naye. Resori zinalia kidogo lakini gari liko juu. Redio yake ya zamani inakamata kituo kimoja. Nilimwuliza kama ameacha habari za bafle. Akacheka: «Niache namna gani? Niko naweka. Dola arobaini njo imefika.»

Sikumwuliza anaziweka wapi. Lakini alijua nilitaka kuuliza, akaonyesha kidole nyuma, kwa mama mmoja wa sanduku aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la vitunguu.